Ulimwuliza Nani?

Picha ya yule mama aliyeponywa kisukari niliitafuta mimi.

Ilikuwa Jumanne usiku, niko kwa bedsita yangu Kayole, kompyuta magotini, chai imeshapoa. Katibu wa kanisa alinitumia ujumbe WhatsApp: bango la kesha ya Ijumaa linatakikana kabla ya saa nne, na safari hii liwe na ushuhuda. "Weka mama amepona kisukari. Tafuta picha ya mama wa makamo anacheka, asiwe mtu anajulikana." Nikaingia kwenye intaneti, nikashusha picha ya tatu niliyoona. Sijui alikuwa wa Ghana, sijui wa Zambia. Nikaondoa ukuta uliokuwa nyuma yake, nikamzungushia miale ya dhahabu, na chini nikaandika kwa herufi nene: MADAKTARI WALISHINDWA. Dakika 40, kazi imeisha. Nikatuma, nikalala.

Naanza na hiyo picha ili usije ukanihurumia bure. Miezi minne baadaye, nilipochukua shilingi 45,000 ambazo hazikuwa zangu nikazituma kwa Paybill ya kanisa hilo hilo, sikuwa mtu asiyejua. Nilikuwa ndani ya jikoni. Vitunguu nilikata mimi.

Kwetu ni Makueni, si mbali na Nzaui, mahali ambapo wamisionari wa Africa Inland Mission waliweka kituo chao cha kwanza mwaka 1895. Kwa hivyo kanisa kwetu ni kitu cha zamani, kama miembe. Ibada ya Mwaitu, hivyo ndivyo tunavyomwita mama, inaanza saa nne na inaisha saa sita unusu. Watu wanaimba kutoka kwa kitabu. Sadaka inahesabiwa mezani na watu watatu, kisha jumla inasomwa mbele ya kanisa lote hadi shilingi ya mwisho, hata kama ni shilingi 1,340. Hakuna anayeanguka. Hakuna anayetabiriwa. Nilipokuja Nairobi mwaka 2019 kusomea usanifu wa mabango na kazi za kompyuta, nilikuwa na jina la imani ya aina hiyo. Niliiita imani kavu.

Mwaitu ni mfanyabiashara wa nafaka. Ananunua ndengu na mbaazi kwa wakulima kule nyumbani, anazileta Nyamakima, na akirudi anabeba mahindi ya kuuza kwa gorogoro sokoni. Amefanya hivyo tangu nikiwa mdogo, na kuna mwaka mmoja ambao hakuna mtu wa kwetu anayeusahau. Mwaka 2004, nikiwa na miaka saba, watu walianza kuugua. Macho yao yaligeuka manjano. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walizika baba na watoto wawili ndani ya wiki moja. Wengine walisema wamerogwa. Wengine wakasema ni ugonjwa mpya. Kumbe ni mahindi. Yalikuwa yamehifadhiwa kabla ya kukauka, yakashika ukungu, na ukungu ukatoa sumu inayoitwa aflatoksini ambayo inaharibu ini na haiishi hata ukichemsha chakula kutwa nzima. Watu 317 waliugua katika eneo letu la mashariki, wengi wao Makueni na Kitui. Waliokufa walikuwa 125.

Kitu kilichotutisha zaidi ni kwamba hayo mahindi hayakuonekana mabaya. Mengine yalikuwa yameoza, ndio, lakini mengine ungeyapika bila wasiwasi. Ugali wenyewe ulinukia kama ugali.

Baada ya mwaka huo Mwaitu alianza kutembea na chupa. Ni chupa ya kioo, kavu kabisa. Akifika kwa muuzaji anatia mahindi kidogo ndani, anaongeza chumvi kavu, anafunga kifuniko, anatikisa, kisha anaiweka chini na kusubiri. Anapiga story, anauliza habari za watoto. Baada ya muda anaiinua chupa kwenye mwanga. Chumvi ikiwa imeanguka chini, mahindi ni makavu. Chumvi ikishika kwenye kioo, yana maji bado, na Mwaitu anasema kwa heshima, "Hii bado, baba," na anaenda kwa mwingine. Hajawahi kumwita muuzaji mwizi.

Utotoni nilidhani ile chupa inaona sumu. Siku moja nilimwambia hivyo akacheka. Akasema sumu haionekani na mtu kama yeye, inahitaji mashine. Chupa inaona unyevu tu. Lakini unyevu ndio mlango ambao sumu inapitia, na mlango mtu anaweza kuuona.

Nilikuja kuyakumbuka maneno hayo nikiwa nimechelewa sana.

Kanisa nililojiunga nalo Nairobi lilikuwa kwa ukumbi ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri. Jumapili ya kwanza, mwanamke ambaye sikumjua alinishika mkono wakati wa maombi na hakuuachilia hadi mwisho. Nilipougua malaria, watu wanne walikuja na uji kwa chupa ya chai. Sitasema walikuwa wabaya ili story yangu iwe rahisi. Nairobi unaweza kukaa ploti moja na mtu miaka miwili bila kujua jina lake. Pale, mtu alijua jina langu. Nilipoombwa niwe nachora mabango bila malipo, nilijiona nimepewa heshima.

Tulimwita kiongozi wetu Baba. Alikuwa kijana kuliko mamangu.

Aprili 2023, habari za Shakahola zilipotoka, nchi yote ilinyamaza kisha ikaanza kupiga kelele. Kule Kilifi, ndani ya msitu, makaburi yalifukuliwa siku baada ya siku, hadi idadi ya miili ikapita 400. Watu walikuwa wamefunga kula hadi kufa. Tulikaa ofisini tukiangalia kwa simu, na mimi, kwa mdomo wangu, nilisema, "Lakini wale pia, si wangetumia akili?" Kila mtu akaitikia. Jioni hiyo hiyo nilikuwa na bango la kumalizia. Sikuona uhusiano wowote. Sisi tulikuwa watu wa mjini, tumesoma, tunakula vizuri. Nilidhani kudanganywa ni ugonjwa wa watu wa mbali.

Septemba 2024, Jumapili, Baba alisimama katikati ya mahubiri akafunga macho. Kinanda kikashuka sauti. Akasema, "Kuna binti hapa. Naona kompyuta. Naona mikono yake juu ya kompyuta, na naona mlango unafunguka, si Kenya hii, ni mataifa." Kisha akanielekezea kidole. Ukumbi ulilipuka.

Leo nikisimulia hii watu wanacheka, na nawaacha wacheke. Ati naona kompyuta. Jamani, alikuwa anangoja mabango matatu kutoka kwangu! Lakini siku hiyo miguu yangu ilikosa nguvu. Nililia hadi wanja ukafika kidevuni. Kwa sababu hakuna mtu aliyejua, au nilidhani hakuna aliyejua, kwamba kila usiku nilikuwa natuma maombi ya kazi Canada na Ujerumani. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 22,000. Nilikuwa na miaka 27. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanaweka picha za theluji.

Baada ya ibada nikaitwa ofisini. Neno lilikuja na maelekezo: mlango wa mataifa unafunguliwa kwa mbegu inayouma, isipungue 45,000. Ipandwe kabla ya saa sita usiku. Na nisimwambie mtu yeyote asiye na imani ya kiwango hicho, maana maneno yao yangeiua mbegu ikiwa changa.

Sasa, ndani ya simu yangu kulikuwa na 45,000 kamili. Mwaitu alikuwa ametuma Ijumaa, pesa za ndengu za msimu mzima. "Hizi ni za mdogo wako," alikuwa amesema. "Chuo kinafunguliwa wiki ijayo. Lipa wewe, mimi mambo ya benki kwa simu yananichanganya." Mdogo wangu alikuwa mwaka wa pili, anasomea umeme.

Kiasi kile kile, hadi shilingi ya mwisho. Mimi nikaona hiyo ni ishara. Haikunijia hata kidogo kwamba Jumamosi, kwenye kikundi cha maombi, niliwaomba wenzangu waombee karo ya mdogo wangu na nikataja kiasi.

Nilirudi nyumbani nikaomba. Sitaki kusema uongo, niliomba saa mbili nzima. Lakini niliomba kama mtu anayeuliza njia huku ameshakaa ndani ya matatu na amelipa. Saa tano na dakika 38 nikaingiza namba ya siri. Simu ikatetemeka. Nikasikia amani kubwa sana, na hiyo amani nikaihesabu kuwa jibu. Sikujua wakati huo kwamba mtu akiacha kupigana na tamaa yake, hata akiwa ameshindwa, kunakuwa na utulivu pia.

Barua ya mataifa haikuja. Ilikuja simu ya mdogo wangu.

Kwa wiki tatu nilimwambia mfumo wa benki una shida. Nikamwambia pesa imetumwa inasubiri kuidhinishwa. Wanafunzi wasiolipa wakatolewa darasani, naye akiwemo, na akapata mjengo karibu na chuo, kubeba mawe kwa 600 kwa siku. Siku nilipomwambia ukweli alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Hiyo mbegu ilikuwa yangu. Si ungeniuliza kama nataka kuipanda?"

Mwaitu sikuweza kumwambia kwa simu. Nilingoja aje Nyamakima na magunia yake. Alikuwa kwa muuzaji wa mahindi, chupa imewekwa juu ya mzani, anasubiri. Nikasema yote hapo hapo, katikati ya wapakuaji wanaopiga kelele watu wapishe. Nilitegemea matusi. Nilikuwa hata nimejiandaa, ningejitetea vipi.

Aliniuliza swali moja. "Ulimwuliza nani?"

"Nilimwomba Mungu, Mwaitu."

"Sijasema uliomba nani. Ulimwuliza nani?"

Sikuwa na jibu. Sikumwuliza mtu yeyote. Na si kwa sababu nilikatazwa. Ni kwa sababu nilijua Mwaitu angesema nini, nilijua mdogo wangu angesema nini, nilijua hata mlinzi wa ofisini kwetu angesema nini. Nikachagua kutomwuliza mtu yeyote ambaye jibu lake lingenizuia.

Akainua chupa kwenye mwanga. Chumvi ilikuwa imeshika. "Hii bado, baba," akamwambia muuzaji, na tukaondoka.

Miezi iliyofuata nilirudi kwa Biblia kwa hasira, kama mtu anayerudi dukani na risiti. Nilikutana na kitu ambacho sikuwahi kusikia kikihubiriwa. Kiko kwa 1 Wafalme 13. Mtu mmoja wa Mungu anatumwa Betheli na maagizo rahisi: asile wala asinywe kule, na asirudi kwa njia aliyoendea. Mfalme anamkaribisha, anakataa. Safi. Lakini akiwa njiani, amekaa chini ya mti, nabii mmoja mzee anamfuata na kumwambia kwamba malaika ameleta maagizo mapya, arudi ale. Ilikuwa uongo, na Biblia inasema wazi kwamba ilikuwa uongo. Mtu wa Mungu anarudi, anakula. Akiwa safarini tena, simba anamuua.

Niliisoma mara nyingi nikimchukia yule mzee. Baadaye nikaanza kumwangalia yule mtu wa Mungu. Mfalme alipomwita, alijua la kusema. Kwa nini mzee alimweza? Biblia haielezi. Mimi nadhani alikuwa na njaa. Alikuwa amekaa chini ya mti, amechoka, na mtu mwenye cheo kama chake akamwambia kile ambacho tumbo lake lilikuwa linasema tayari. Hakukosa habari. Maagizo alikuwa nayo, kama mimi nilivyokuwa na sauti ya Mwaitu: hizi ni za mdogo wako.

Nikarudi nyuma kwa Sulemani, sura ya 3 ya kitabu hicho hicho. Sote tunajua aliomba hekima. Kisha wakaja wale wanawake wawili na mtoto mmoja. Nilikuwa nimekulia na hiyo story bila kuona jambo moja: Mungu hakumnong'onezea Sulemani mama halisi ni nani. Hakuna maono. Hakuna aliyefunga macho na kinanda kikashuka sauti. Alisikiliza, akarudia maneno ya kila mmoja ili ahakikishe ameyaelewa, kisha akatafuta jaribio litakaloonyesha moyo wa nani uko wapi. Hekima aliyopewa ilifanana zaidi na chupa ya Mwaitu kuliko na ile ibada yetu ya Jumapili. Na mtu huyo huyo, sura nane baadaye, ameharibikiwa kabisa. Kumbe unaweza kupewa hekima na bado usiitumie. Waebrania 5 inasema uwezo wa kutofautisha jema na baya unakuja kwa mazoezi. Kama ni mazoezi, basi ukiacha unalegea.

Ningependa kukwambia kwamba baada ya hapo nilikuwa na busara. La. Nilikuwa mtu wa kushuku kila kitu, nikadhani hiyo ndiyo busara.

Chuo kilikuwa kimekubali mdogo wangu arudi ikiwa nusu ya karo, 22,500, ingelipwa kabla ya mwisho wa Oktoba. Mwaitu aliuza mbuzi wawili, akapata 12,500. Tulikuwa tunapungukiwa na 10,000. Ofisini kwetu kuna mama mmoja wa hesabu, mlokole wa kweli kweli, wa kuomba kwa lugha ndani ya stoo wakati wa chakula cha mchana. Sijui alisikia wapi. Akaniita kando, akaniambia atanikopesha 10,000, nirudishe nikiweza, hataki riba.

Nikakataa. Nilimwangalia nikaona ndoano. Kila mtu anayesema "Bwana asifiwe" na kutoa mkono alikuwa, kwangu, anavua samaki. Nilienda nyumbani nikijipongeza, ati safari hii sijashikwa.

Oktoba ikaisha. Mdogo wangu akapoteza muhula mzima. Yule mama, nilikuja kujua, amekopesha nusu ya ofisi hiyo kwa miaka, na hajawahi kumdai mtu mbele ya watu. Ningeuliza mtu mmoja tu, ningeambiwa.

Kwa hivyo mdogo wangu alibeba mawe mara mbili kwa sababu yangu. Mara ya kwanza kwa kuamini bila kupima. Mara ya pili kwa kukataa bila kupima. Nilipomweleza Mwaitu kwa simu kwamba mimi sitaamini tena mtu wa kanisa, alisema, "Baada ya ule mwaka wa maziko, mimi sijaacha kununua mahindi. Ningewalisha nini?"

Nimeshika hapo hadi leo. Chupa ni ya mtu anayetaka kununua. Mtu ambaye hataki mahindi hana haja ya kupima.

Pia nimeacha kusema imani kavu kama tusi. Mahindi makavu ndiyo yanayokaa. Lakini sitaki usikie kwamba makanisa ya kelele ni mabaya na ya kimya ni mazuri. Yule mama wa stoo ni wa kelele. Na kule nyumbani kwa utulivu wetu, pamoja na kuhesabu sadaka mezani, kuna mchango wa mabati uliowahi kupotea polepole, na hakuna aliyeuliza kwa sababu ilionekana kukosa adabu. Unyevu haujali mtindo wa nyimbo.

Siku hizi siwezi kukwambia roho iliyo ndani ya mtu ni ipi. Sina hiyo mashine. Naangalia unyevu. Kuna haraka? Mambo ya Mungu kwa nini yafungwe saa sita usiku kama ofa ya data? Kuna siri? Nani anakatazwa kujua, na je, ni yule anayeniambia ukweli? Nikiuliza swali, je, najibiwa au naaibishwa? Pesa inaenda upande gani? Na swali la mwisho ambalo sipendi kujiuliza: mimi nina njaa ya nini wiki hii? Kwa sababu hapo ndipo nitakapodanganywa, na yule atakayenidanganya zaidi ni mimi.

Kuna jambo moja nililifanya ambalo lilinichukua miezi mitano kupata ujasiri. Niliandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha lile kanisa, kilichokuwa na watu zaidi ya 200. Niliandika kwamba mimi ndiye nilichora lile bango la mama wa kisukari, na kwamba sijui huyo mama ni nani, picha niliitoa kwenye intaneti. Sikumtukana mtu. Nilisema tu kile nilichofanya mimi. Ndani ya dakika sita nilikuwa nimeondolewa kwenye kikundi.

Usiku huo, namba nisiyoijua ikaniandikia. "Kwani yule mama hakuwa wa kweli?"

Nikajibu hakuwa.

"Mamangu alihifadhi hilo bango kwa simu yake."

Mikono iliniisha nguvu kuliko siku ile nilipotabiriwa. Nikaandika: "Tafadhali, je, anatumia dawa zake?" Sikupata jibu. Nikaandika tena: "Mwambie asiache dawa. Mwambie aliyetengeneza bango amesema ni uongo. Mpe namba yangu anipigie." Zikaonekana tiki mbili za buluu. Hadi leo hakuna kitu kingine. Huwa namwombea huyo mama, na jina lake sina. Nikiomba, naanza kwa kusema nilichofanya.

Majuzi, kwenye kikundi chetu kidogo cha Alhamisi, watu saba kwa sebule ya mtu, binti mmoja alituambia amepata kazi Saudia kupitia wakala. Anatakiwa kulipa 30,000 kabla ya Ijumaa, na wakala amemwambia asiseme sana, nafasi ni chache. Alikuwa anang'aa. Akaniangalia mimi, sijui kwa nini mimi, akasema, "Niombee. Mungu anakuambia nini?"

Nilimwona nikiwa nimekaa pale kwa kiti cha plastiki na wanja hadi kidevuni.

"Haniambii kitu bado," nikasema. "Umemwuliza nani?"

Tulitoa simu. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira huwa na orodha ya mawakala waliosajiliwa, na mtu yeyote anaweza kuiangalia. Tukaitafuta kampuni yake kwa jina, kisha kwa jina lililoandikwa tofauti kidogo, kisha tena. Haikuwepo. Mtu mmoja akapiga ile namba kuuliza ofisi iko jengo gani, simu ikakatwa. Binti alikasirika, na alinikasirikia mimi, si wakala. Alichukua mkoba wake akaondoka kabla ya maombi ya mwisho. Nilimwelewa. Ukimwondolea mtu mwenye njaa sahani, hata kama ina sumu, yeye anachoona ni mkono wako. Nilimfuata hadi steji, tukangoja matatu pamoja bila kuongea. Alipopanda nilimwambia kuna mtu wa mtaani kwetu aliyeenda kupitia wakala halali na akarudi salama, nitamtumia namba yake. Ijumaa jioni alituma ujumbe wa neno moja: "Sijalipa." Jumatatu akaomba ile namba.

Mdogo wangu alirudi chuo muhula uliofuata. Mimi nilianza kumlipa 2,500 kila mwezi, ingawa Mwaitu alisema niache. Sikuacha. Miezi 18. Wiki iliyopita nilituma ya mwisho, nikaandika: "Imeisha. 45,000. Nisamehe." Nilikaa nikiangalia simu, moyo unadunda kama mtoto.

Akajibu baada ya saa moja, labda alikuwa juu ya nguzo mahali.

"Nilishakusamehe zamani," aliandika. Kisha, kabla sijafuta machozi: "Na riba je?"